Mwavuli Uliobaki Ng'ambo ya Shimo

Najua utakachosema, maana wote husema hivyo hivyo. Mchungaji wetu alisema ni uchovu. Mfamasia wa mtaani kwetu alisema ni njaa. Mume wangu, ambaye ndiye aliyeokolewa, anasema hadi leo kwamba ni mvua tu, mvua ya siku tatu humfanya mtu aone mambo. Sawa. Lakini mwavuli wangu ulipigwa picha na watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kunieleza ulifikaje pale ulipokuwa. Kwa hiyo tulia nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, mchana, nikiwa nimeshiba na akili zangu zote ninazo.

Mimi ni mzaliwa wa Kalemie, Kongo, lakini nilikulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na ndiyo sababu mume wangu anakiita Kiswahili changu cha redioni. Yeye, Sylvain, ni mtu wa Likasi, Katanga. Tunaishi Brussels, Schaerbeek, ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mturuki anayeuza mazulia. Sylvain anaendesha basi. Mimi nawahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawapikia, nawasikiliza. Likizo ya kweli hatukuwa tumewahi kuijua. Likizo yetu ilikuwa harusi ya mtu Liège au matanga ya mtu Paris.

Basi mwaka juzi rafiki yake wa kazini akamwazima gari-nyumba, lile ambalo watu wa hapa huliita mobilhome. Lilikuwa la zamani, lakini lina vitanda, lina jiko la gesi, lina na choo chake. Sylvain alilizunguka mara tatu kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari. Tukapanga kwenda Ardennes siku nne, mimi, yeye, na dada yangu mkubwa, yaya Véro, anayesuka nywele Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, na ambaye tangu azaliwe hajaachwa nyuma na safari yoyote.

Mvua ilianza kabla hatujavuka barabara kuu inayoizunguka Brussels. Ikanyesha siku ya kwanza, ikanyesha ya pili. Milima ya Ardennes tuliiona kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni mwa choo cha gari. Ile yenyewe ilikuwa ndani ya ukungu. Dirisha dogo la darini likaanza kuvuja juu ya kitanda cha yaya Véro. Yeye akalala amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, akiimba nyimbo za kwaya ili tujue kwamba halali. Tulicheka sana, niamini. Sijui kama tungecheka vile kwenye jua.

Siku ya tatu Sylvain akasema, "Bon, mvula imetushinda. Turudie ku nyumba."

Yaya Véro akajibu kutoka nyuma, "Turudie, lakini kwanza mnitafutie choo chenye hakitikisike."

Tulikuwa tumeshakaribia Brussels, tukifuata mfereji, pale ambapo viwanda vya zamani vimejipanga kama meno ya mzee, kimoja kimesimama, viwili vimeanguka. Nikaona kibao cha rangi ya udongo: kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, cha wakati wa vita kuu ya pili, kiko wazi kwa wageni. Mahali pa wageni pana choo. Sylvain akaegesha karibu na ukuta wa matofali.

Yeye mwenyewe hakutaka kuingia. Alikuwa ameendesha tangu asubuhi, na shingo ilikuwa inamuuma. "Miye naona mafuru ya shaba tangu utoto," alisema, akimaanisha zile tanuri kubwa za Likasi. "Papa yangu alitumika mule mpaka akazeeka. Sasa nilipe ticket juu ya kuona ingine? Mukaende, miye nalala. À quatre heures munaniamusha." Yaani saa kumi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye kosa, na kosa ni letu wenyewe. Kipasha joto cha gari kilikuwa kimekufa asubuhi ile. Sylvain akawasha mafiga mawili ya jiko la gesi ili kupate joto. Dirisha la darini tulikuwa tumeliziba kwa taulo kwa sababu ya mvua, na tundu la chini karibu na mlango, lile lililokuwa linapuliza baridi miguuni, nililiziba mimi kwa mikono yangu, kwa skafu yangu ya sufi. Ukutani kulikuwa na kidude cha kupiga kelele hewa ikiharibika. Sylvain alikuwa amekitoa betri siku ya kwanza, kwa kuwa kililia kila tulipokaanga samaki. Nilimfunika blanketi, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaondoka na roho nyeupe.

Mapokezi kulikuwa na msichana mmoja Mflamandi, wale Wabelgiji wasemao Kiholanzi, jina lake Liesbeth, mpole, anayeongea Kifaransa polepole kama anayekipima. Wageni tulikuwa sisi wawili tu. Yaya Véro alipotoka chooni akasema goti lake limemaliza safari, akaketi karibu na mashine ya kahawa, akanunua gofri, ile keki yao ya vishimo, akaanza kumuuliza Liesbeth ana watoto wangapi. Mimi nikachukua ramani na mwavuli wangu, mwavuli wa kijani wenye jina la duka la dawa, nikaingia peke yangu.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na mashine na picha. Pembeni palikuwa na madirisha marefu yaliyopakwa rangi nyeusi, na maelezo kwamba wakati wa vita yalipakwa hivyo ili ndege za usiku zisione mwanga wa moto. Nilisoma nusu nusu. Mlango wa mwisho ulitokea uani, mvua ikanipiga, nikafungua mwavuli. Ng'ambo ya ua niliona mlango mdogo wa chuma uko wazi, na ndani yake mwanga mwekundu, mwanga wa moto. Nikajisemea, hawa watu wamefanya kazi nzuri, wamewasha hata tanuri kwa ajili ya wageni wawili. Nani asingeingia?

Ndani kulikuwa na joto zuri. Nilitembea hatua kama ishirini kutoka mlangoni hadi mbele ya tanuri, juu ya sakafu ya vibamba vya chuma, na nakumbuka kila hatua ililia. Kwenye benchi ya mbao aliketi mzee mweusi mwembamba, amevaa aproni ya ngozi na viatu vya mti vile vya Wabelgiji wa zamani.

"Jambo, mama," alisema. "Ingia, mvula inakupiga."

Hebu niambie, ungeshtuka? Mimi sikushtuka. Nilifurahi. Brussels unaweza kusikia Kiswahili kwenye tramu, kwa nini usikisikie makumbusho? Nilidhani ni mtu wa mahali pale, wamemvika nguo za zamani ili awaeleze wageni. Nikasalimia kwa heshima, nikaegemeza mwavuli kwenye benchi ukauke, nikaketi.

"Naitwa Esther, papa."

"Miye Mukalay. Mukalay Banza. Unatoka wapi?"

"Kalemie."

Akafikiri kidogo. "Ah. Albertville. Na bwana yako?"

"Wa Likasi."

"Jadotville," akasema, akatabasamu kana kwamba nimemtajia jina la jirani yake.

Majina hayo bibi yangu ndiye aliyekuwa akiyatumia, majina ya wakoloni. Lakini wazee ni wazee, na mimi kazi yangu ni wazee. Nina mmoja Schaerbeek ambaye bado anamngoja mfalme aliyekwisha kufa. Nikamwacha aongee. Akaniambia alikuja na meli ya moshi kutoka Matadi, yeye akiwa wa kutia makaa. Vita ikafika, meli haikurudi. "Bazungu ba hapa bakaniuliza, unajua moto? Nikabaambia, miye nilitumika ku mafuru ya shaba kwetu, nitakosa aje kujua moto?" Akacheka, nami nikacheka. Hadithi nzuri, nikawaza, ameijua vizuri kazi yake. Jambo moja tu lilinigusa sikio: alihesabu kwa Kiswahili. Miaka mitatu, siku kumi na mbili, mifuko mia. Watu wa Katanga ninaowajua mimi, Sylvain wa kwanza, huhesabu kwa Kifaransa hata wakiwa wanasali.

Kisha akauliza, "Bwana yako iko wapi?"

"Amelala garini, papa. Amechoka."

"Mu gari kuna moto?"

"Amewasha jiko kidogo. Ni baridi."

"Na mupepo? Inaingilia wapi?"

Mimi nikaona ni uchokozi wa kizee. Nikacheka. "Haiingii popote, papa. Tumeziba kila mahali, mvua ilikuwa inatuingilia."

Yeye hakucheka. Aligeuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala muda mrefu.

"Mama, sikia. Hapa na siye tuliziba. Wakati ya vita ndege ilikuwa inapita usiku, bakubwa bakasema mwangaza isionekane inje. Tukafunga madirisha yote, tukaweka na mifuko chini ya mulango. Baridi ilikuwa mingi. Tukalala hapa karibu na moto, bantu batatu. Moto inatoa moshi yenye haionekane, haina harufu. Inakuya polepole, sawa usingizi muzuri." Akakunja kidole. "Moja, Jef." Akakunja cha pili. "Mbili, Miel." Kidole cha tatu kikabaki juu. Alikitazama, hakutaja mtu. "Hakuna mwenye aliamuka."

Nikaikumbuka skafu yangu ya sufi, pale chini karibu na mlango wa gari.

"Enda," alisema. "Usiite kwanza. Fungula mulango kwanza."

Nilikimbia. Mimi sikimbii, nina miaka hamsini na mbili na mwili wa heshima, lakini nilikimbia ile sakafu, ule ua, ule ukumbi wa mashine. Nilimpita yaya Véro na gofri mkononi, akaniuliza kama nimeona panya. Nikatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Nilifika garini nikatoa ufunguo. Mara ya kwanza ukaanguka dimbwini. Mara ya pili ukaingia. Nilipofungua mlango, hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na nzito, na haikunuka chochote, kama alivyosema. Sylvain alikuwa amelala chali, mashavu yamemwiva vizuri, mtu mwenye afya yake. Nilizima jiko, nikashika miguu yake yote miwili kama ninavyofanya na wazee wangu walioanguka bafuni, nikavuta. Kichwa kilipiga ngazi ya kwanza. Kikapiga na ya pili. Nilimlaza kwenye lami, kwenye maji, nikampiga kofi, nikaita jina lake, jina la baba yake, na jina la Yesu.

Hakujibu. Nilijua kusikiliza pumzi, hiyo ndiyo kazi yangu, na pumzi yake ilikuwa mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Sitakueleza nilichomwahidi Mungu pale. Nilivuta shati lake, nikampiga la pili, mvua ikimjaa mdomoni.

Akakohoa. Akatapika samaki wote wa safari. Kisha akafungua jicho moja.

"Esther," alisema kwa sauti ya kuumia sana, "unanitupa mu mayi sababu gani?"

Yaya Véro alikuwa ameshafika nyuma yangu na Liesbeth. Nililia na kucheka kwa pamoja. Ambulansi ilikuja, wakamweka Sylvain usiku mmoja hospitalini na kinyago cha hewa puani. Daktari, mwanamke wa makamo, aliniambia kwamba angelala kidogo zaidi ingekuwa habari nyingine. Akaniuliza nilijuaje. Nikasema nimeambiwa na mtu wa makumbusho. Akasema mtu huyo anastahili zawadi.

Basi kesho yake, tulipoenda kuchukua gari, nilibeba zawadi: keki ya ndizi niliyooka alfajiri, na soksi nene za sufi, kwa kuwa vile viatu vya mti niliviona ni baridi. Sylvain alibaki anafungua madirisha ya gari, moja baada ya jingine. Mimi na yaya Véro tukaingia. Nikamwambia Liesbeth nataka kumshukuru papa Mukalay wa kwenye tanuri.

"Nani?" akauliza.

Nikamweleza. Mzee Mkongo, aproni ya ngozi, ukumbi wenye moto. Liesbeth akaniambia wafanyakazi pale ni yeye na fundi mmoja tu. Akaniambia tena, taratibu, kwamba ukumbi wa tanuri haujawahi kufunguliwa kwa wageni. Niliposhikilia, akamwita fundi, jamaa mfupi mwenye masharubu na shada la funguo, tukavuka ua wote wanne.

Ule mlango mdogo wa chuma ulikuwa na mnyororo. Kufuli lilikuwa na kutu kiasi kwamba fundi alilipaka mafuta, akangoja, akalipiga nyundo mara mbili ndipo likaachia. Akausukuma mlango, akanyoosha mkono kutuzuia tusisogee.

Sakafu hakuna. Nakwambia sakafu hakuna. Kuanzia kizingitini hadi mbele ya tanuri ni shimo, na chini kabisa maji meusi yanadondokewa na matone ya paa. Fundi alisema vibamba vilianguka zamani, kabla yeye hajaajiriwa. Tanuri lilikuwa baridi, limeota majani. Na ng'ambo, kwenye kipande cha sakafu kilichobaki, ilikuwepo benchi ya mbao. Na kwenye benchi, umeegemezwa vizuri ukauke, mwavuli wa kijani wenye jina la duka la dawa.

Fundi alivua kofia. Liesbeth akapiga picha, fundi akapiga picha, yaya Véro akapiga picha. Mimi nilishika mwimo wa mlango. Zile hatua ishirini, nilizikanyagia wapi? Yaya Véro alinishika mkanda wa koti kwa nyuma, kama anayemshika mtoto kisimani.

Lakini kabla hatujaondoka, Liesbeth alitupeleka kwenye kabati lake la karatasi. Alikuwa mweupe kama chaki. Akatoa nakala ya kitabu cha parokia. Wakati wa vita, majira ya baridi, wafanyakazi watatu walikutwa wamekufa usingizini mbele ya tanuri. Wawili waliandikwa majina kamili, Jef na Miel na koo zao. Wa tatu aliandikwa kwa neno moja tu: Mkongo.

"Unasema alikuambia jina lake?" Liesbeth akauliza.

Nikamwandikia. Mukalay Banza. Jina hilo nililijua kwa hakika kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Sasa ukienda kule, kwenye ukuta wa ukumbi wa kwanza, kuna kibao kidogo chenye majina matatu. Liesbeth aliwaambia wakubwa wake kwamba jina limetoka kwa familia. Nami nikaona si uongo. Siku kilipotundikwa tulienda watu kumi na wanne kutoka kanisani, na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwetu, na kwaya, na mvua ilinyesha kama kawaida, na tulikula tumesimama uani tukicheka vile watu wanavyocheka matanga yakiisha.

Mwavuli bado uko kule. Fundi alijaribu kuuvuta kwa ndoano ndefu, ndoano ikatumbukia majini, akasema yeye ana watoto wa kulea. Na koti langu nililovaa siku ile, kila mvua ikinyesha, linanuka makaa ya mawe. Dobi wa karibu na Flagey amelifua mara tatu, akanirudishia pamoja na ushauri kwamba niache kuvuta tumbaku. Sijawahi kuvuta tumbaku.

Sylvain, nilishakwambia, haamini. Anasema nilisoma maelezo ukutani, nikaunganisha mambo kichwani, nikatupa mwavuli. Sawa. Lakini huyo asiyeamini analala dirisha wazi hata theluji ikianguka, na mimi ndiye ninayeganda. Jumapili baada ya ibada anapita kwenye nyumba za watu Schaerbeek, anapiga magoti mbele ya vichemshia maji vya gesi vya bafuni, anachomoa matambara waliyozibia matundu. Watu wamempa jina, Papa Mupepo, yaani Baba Upepo. Mwezi uliopita alimkuta mama mmoja wa Bukavu na binti zake wawili wanaumwa vichwa tangu asubuhi, wanadhani ni mafua. Aliwatoa nje na taulo zao. Alirudi nyumbani, akakaa mezani, hakula. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, kama yule mzee alikuwa na sauti ya watu wa Bukama au ya watu wa Malemba, kule kwao Katanga. Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe.

Nami nakuachia onyo, ulichukue utakavyo. Usizibe tundu ambalo hukulitoboa wewe. Aliyelitoboa alikuwa na sababu yake. Na kwetu tumefundishwa kwamba ukimshuku mtu kuwa ni mzimu, umtazame kwanza miguu kama inagusa chini. Mimi nakwambia ugeni umenifundisha jingine. Ukikutana na mtu mahali pasipo na mtu, akakusalimu kwa lugha ya kwenu, akakuuliza wako wamelala wapi, mjibu. Mjibu ukweli wote, hata kuhusu skafu.